Miavuli ya Nerima

Kila asubuhi, kabla ndege hawajashuka uani, Oduor alitoka na kiti chake, miwani yake na kikombe cha chai isiyo na maziwa, akaketi mbele ya sanduku la nondo. Sanduku lenyewe lilikuwa kreti la soda la zamani, la mbao. Juu yake alikuwa ameweka beseni la plastiki lililotobolewa chini, na juu ya beseni ilining'inia taa kubwa ya zebaki aliyopewa na kiwanda cha mablanketi siku alipostaafu, badala ya saa. Ndani ya kreti alipanga treya za mayai. Nondo hufuata mwanga, hugonga taa, huteleza kwenye beseni na kuangukia ndani, halafu hujibanza kwenye vishimo vya treya na kulala. Asubuhi kazi ni kuzitoa treya moja moja bila kuzitikisa, kutazama, kuandika, na kuwaachilia nondo kwenye majani kabla ndege hawajachangamka.

Nyumba yake ilikuwa Bugolobi, nyuma ya maghorofa, mahali ardhi inapoteremka kuelekea bondeni kwenye mafunjo. Uani kulikuwa na migomba, mparachichi mmoja, mchicha wa doodo na kamba ya kuanikia nguo. Shuka jeupe alilotandika chini ya sanduku lilikuwa la kitanda cha watu wawili. Hakuwa na jingine.

Habari za nondo alizipata ukubwani. Mchana alikuwa fundi wa umeme kiwandani, jioni alipanda kwenda Kyambogo kwenye masomo ya watu wazima, na huko mwalimu mmoja wa bayolojia aliwaambia wanafunzi wake, wote wamechoka na wengine wamelala, kwamba mtu asiyejua majina ya wadudu wa uani kwake ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Oduor, ambaye alikuwa Mjaluo wa Alego, ng'ambo ya mpaka, na aliitwa mgeni mara nyingi tangu afike Kampala, alilibeba neno hilo mpaka nyumbani. Alinunua kitabu cha wadudu kilichong'oka jalada. Alinunua pini. Mkewe Nerima aliwaambia majirani kwamba waume wa wenzake wanarudi na harufu ya pombe, wake anarudi na pini.

Sasa alikuwa amestaafu, vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, na Nerima hakuwapo.

Nondo wa kwanza wa kitambaa alikuja msimu wa mvua ndefu. Alikuwa amelala kwenye treya ya juu, kati ya nondo wawili wa kijivu wa mafunjo, na mabawa yake yalikuwa ya sare ya shule, cheki za zambarau, na upindo ulioshonwa kwa mkono na mtu asiyekuwa fundi. Oduor alimpima kwa rula. Akaandika, chini ya safu ya jina, "Cheki, upindo wa mkono," akaendelea na wa kijivu.

Adyero, jirani wa upande wa ua, alikuwa akipita na jerikani. Alisimama akatazama.

"Huyu mimi namjua," alisema. "Si huyu ni mtoto ya mama ya mandazi? Aliondoka na sare yake."

Alikwenda kumwita. Mama wa mandazi alikuja na mikono yenye unga, akainama juu ya treya, akautambua upindo kwa sababu aliushona yeye mwenyewe siku moja kabla muhula haujafunguliwa. Aliomba kikombe. Oduor alimpa kikombe na kisahani cha kufunikia, na mama akapanda mteremko akikibeba kwa mikono miwili. Mchana kulikuwa na turubai mbele ya mlango wake, na watu walikaa chini kama wanavyokaa kwenye msiba wowote.

Baada ya huyo walikuja wengine. Alikuja wa gomesi ya hariri, mwenye mshipi wa kiunoni uliozunguka tumbo lake lenye manyoya. Alikuja wa kaunda suti. Alikuja wa kanzu nyeupe, ambaye Oduor karibu amwandike kama nondo wa kawaida, ila alikuwa na nyuzi nyekundu shingoni. Siku ambazo umeme ulikatika hakuja hata mmoja, na akina mama waliofika asubuhi walikaa tu kwenye nyasi wakanywa chai na kurudi kwao.

Watu wa mtaa ule hawakuhitaji kuelezwa kitambaa kinatoka wapi. Katika mwaka wa mwisho wa ile serikali iliyoangushwa vitani, malori ya askari yalikuwa yakija asubuhi na kusimama kwenye kona ya barabara ya viwandani. Watu waliokuwa wakienda kazini walipangwa mstari. Mbele ya mstari alisimama mtu mmoja aliyevaa gunia la kahawa kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Mtu huyo hakusema neno. Kila aliyepita mbele yake, gunia lilitikisika au liliinama. Likitikisika, ulikwenda kazini. Likiinama, uliambiwa panda gari, ukapanda na nguo ulizovaa, na hizo ndizo nguo walizokuja nazo sasa kwenye treya. Kila mtu alijua kwamba mwenye gunia alikuwa wa palepale mtaani, maana mtu wa mbali angejuaje ainame kwa nani. Lakini gunia ni gunia, nalo lilishuka mpaka mabegani.

Nerima alipandishwa gari asubuhi moja akielekea soko la Owino, ambako alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha mafundi. Oduor alikuwa zamu ya mchana, bado yuko kitandani. Alisikia lango likifungwa na hakusikia kitu kingine.

Tangu sare ile ya shule ije, Oduor alikuwa akimngoja. Alijua atamwona kwa kitenge gani: cha rangi ya kahawia, chenye miavuli midogo ya manjano. Walikinunua mwaka waliohamia nyumba ile, wakiwa vijana. Bati la nyumba lilikuwa linavuja kila mahali, na usiku wao wa kwanza Oduor alizunguka na mabeseni, masufuria na hata kofia yake ya kiwandani, akitega matone, huku redio ikipiga muziki wa dansi kutoka ng'ambo ya mpaka wa magharibi na Nerima akicheka kitandani. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kitambaa. "Nimenunua miavuli," alisema. "Kila mtu ashike wake." Alimkatia kwanza Oduor shati, akijigamba kwamba yeye hakosei kipimo, halafu kitambaa kikampungukia. Gauni lake ikabidi alitie kiraka ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, na kipande kilichobaki hakikukubali ila kikae kichwa chini. Kwa hiyo upande ule miavuli yote ilikuwa imegeuka, mipini juu. Nerima alisema hiyo ni ya kuchotea mvua. Alilivaa gauni hilo miaka yote, na Jumamosi walipokwenda kucheza dansi alibana mkono wa kushoto ili kiraka kisionekane, basi alicheza kama mtu aliyebeba gazeti kwapani. Oduor hakuwahi kumwona mwanamke mwingine aliyecheza vile.

Shati lake bado alikuwa nalo. Cherehani pia, chini ya shuka, na kila Jumapili aliitia mafuta.

Kumngoja kulikuwa na pande mbili. Nerima asipokuja, basi labda aliteremka mahali kwenye lile gari, akavuka mpaka, akazeeka mahali fulani akiwa amesahau njia. Oduor aliweza kuishi na hilo. Lakini kama alikuwa amekufa, ilibidi alale Alego, kwenye boma la mumewe, upande wa nyumba yake, na siyo bondeni kwenye mafunjo ya Kampala bila mtu kumlilia. Ndugu wa Oduor walikuwa wameacha kuuliza. Hawakupanda kitu pale mahali palipotengwa kwa kaburi lake.

Vikombe navyo havikutoka mtaani bila barua. Mwenyekiti wa baraza la mtaa, ambalo siku zile watu waliliita RC, ndiye aliyeandika barua za maziko, na hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu kwa sababu ya ukubwa wa marehemu. Katekista hakusoma sala bila barua. Madereva wa mabasi hawakupakia kikombe bila barua, na kwenye vizuizi vya polisi vya barabarani iliulizwa kwanza barua. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayejua jina la kila mtoto. Muhuri wake aliuweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Watu walimpelekea vikombe vyao barazani kwake, naye aliandika jina, ukoo, mahali pa kuzikwa, na kwenye nafasi ya sababu ya kifo aliandika "ugonjwa wa ghafla." Kwenye bustani ya Oduor hakuwahi kukanyaga. Alisema umande wa asubuhi unamkamata kifua.

"Mzee Oduor! Leo umekamata wangapi?" Adyero aliuliza kila siku kutoka juu ya ua.

"Sikamati, Mama. Ninaandika."

"Haya, umeandika wangapi? Yule wangu iko?"

Mume wake alikuwa karani wa posta. Alipanda gari na koti la buluu lenye vifungo vya shaba.

"Hajafika."

"Huyo mtu tangu zamani alikuwa nachelewa. Hata siku ya harusi padri alitaka kwenda kula." Alihamisha jerikani mkono mwingine. "Tafuta kwa vifungo. Vifungo nitavijua hata gizani."

Kitambaa chochote kilichowashinda alikisoma Kavugho. Alikuwa mwanamke wa Butembo, mpangaji wa Oduor katika chumba cha nyuma, muuza vitenge Owino. Alikuwa amekuja Kampala baada ya vita, na nondo wa vitambaa aliwakuta kama alivyoikuta mvua na korongo kaloli wa jalalani. Alipiga magoti kwenye shuka, akasogeza pua karibu na treya na kusema hii ni ya kiwanda cha Jinja, hii ni mivumba, nguo ya mtumba, hii ilipakwa rangi mara ya pili nyumbani. Mara nyingi mama mmoja nyuma yake alianza kulia kabla hajamaliza.

Mwezi wa mwisho wa mvua, Adyero aliweka jerikani chini.

"Mzee," alisema. "Miavuli."

Alikuwa kwenye treya ya pili, mkubwa kama kiganja, mabawa yamekunjwa. Kahawia, na miavuli ya manjano imepauka kidogo kama kitu kilichofuliwa sana. Oduor alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Alikwenda ndani akaleta kikombe cha Nerima, kile chenye ufa mdogo ukingoni, akamfunika. Akavaa viatu vya kanisani, akapanda mpaka kwa Mwenyekiti.

"Bambi, pole, mzee wangu," Mwenyekiti alisema, tayari anafungua kopo. "Hatimaye." Aliandika upesi kuliko kawaida yake. Muhuri ulitua kabla wino wa kalamu haujakauka, na jina la Nerima likachafuka kidogo mwishoni.

Oduor alirudi nyumbani, akakaa, na hapo tu ndipo alipokumbuka bawa la kushoto. Alichuma unyasi. Akainua kikombe, akalifunua bawa kwa ncha ya unyasi, pole pole. Miavuli ilisimama wima, yote, mpaka kwenye pindo.

Alimwita Kavugho. Kavugho alitazama bawa la kulia na la kushoto.

"Papa Oduor, hii kitenge ya wax minaijua. Ilikuya na malori ya Kasindi, bamama bengi balishona." Alimgusa Oduor begani. "Huyu ni wa bengine, Papa. Wako hajakuya."

Oduor hakujua kama alichohisi ni furaha. Alikaa na unyasi mkononi mpaka chai ikapoa. Jioni aliirudisha barua.

"Lakini mzee, kitambaa si kile kile?" Mwenyekiti alisema. "Zika upumzike. Watu wanapumzika, ssebo."

"Si yeye."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Kale, haya," Mwenyekiti alisema, akaichana barua vipande viwili. Yule nondo alikaa kwenye kikombe cha Nerima dirishani mpaka dada mmoja wa Nakawa alipokuja kumchukua. Alimjua kwa tundu la kifungo alilolichoma kwa pasi.

Nerima alikuja kiangazi, siku ambayo Oduor hakumtazamia, kwa sababu usiku ulikuwa na mbalamwezi na kwenye mbalamwezi nondo huwa wachache. Goti lake lilikuwa limevimba, akatoka uani kwa fimbo. Treya ya kwanza ilikuwa na wa cheki wawili ambao hawajapata wenyewe, wa koti la mvua, na wale wadogo wa rangi ya vumbi wanaokuja kila siku. Ya pili ilikuwa na wengi wa kahawia. Ya tatu ilikuwa na mmoja tu, kwenye kishimo cha kona. Bawa lake la kushoto alikuwa amelibana mwilini, na la kulia amelinyoosha.

Oduor hakuhitaji unyasi. Alisema, "Nerima," na bawa la kushoto likafunguka. Miavuli ilikuwa imegeuka, mipini juu.

Alimfunika na kikombe. Adyero alisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha.

"Sasa barua," alisema mwishowe. "Wewe na hilo goti hupandi. Mimi nakwenda kumwita."

"Hatakuja. Kifua chake."

"Atakuja. Uchaguzi wa RC ni wiki ijayo. Siku hizi anaingia hata kwa walevi."

Mwenyekiti alikuja, na shati jeupe lililopigwa pasi, kopo la maziwa chini ya kwapa. Aliwasalimu akina mama waliokuwa wamefika, mmoja mmoja kwa jina. Kavugho alikuwa amepika chai. Walimpa kiti cha Oduor, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo, na Oduor akaketi juu ya kreti. Mwenyekiti aliweka karatasi gotini, akafungua kalamu.

"Jina la marehemu?"

"Unalo," Oduor alisema. "Uliwahi kuliandika."

"Kweli." Akaandika.

Nondo wanapotaka kuruka hutetemesha kwanza mabawa ili wapate joto. Treya zote tatu zilikuwa kwenye shuka, na zote zilianza kutetemeka kwa pamoja, sauti kama cherehani inayokanyagwa polepole chumba cha pili. Halafu wakapaa. Kawaida yao ni kuelekea kwenye migomba, na kutoka pale kwenye mafunjo. Siku hiyo walikwenda kwa Mwenyekiti. Wa cheki walitua kwenye nywele. Wa koti la mvua alitua kwenye sikio. Wale wadogo walijaza paji la uso, mashavu, pua na kidevu, na wale wa kahawia wakashuka shingoni mpaka mabegani, bawa juu ya bawa, mpaka ngozi isionekane. Waliacha matundu mawili ya macho.

Kwa mbali ingeonekana ni mtu aliyevaa gunia la kahawa kichwani, anaandika.

"Ndiye," Adyero alisema, kama mtu anayewaonyesha wenzake basi linalokuja.

"Ni nani?" Kavugho aliuliza. Yeye hakuwapo miaka ile.

"Mtu ya gunia."

"Aa," alisema Kavugho, akammiminia Mwenyekiti chai, kwa sababu alikuwa mgeni na hakuwa amepewa.

Mama wa mandazi alimtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyeinuka. Wa Nerima peke yake ndiye aliyebaki, kwa sababu alikuwa chini ya kikombe, na Oduor aliusikia mtetemo wake kwenye ufa.

"Mahali pa kuzikwa?" Sauti ilipita kati ya mabawa, ya chini kama siku zote.

"Alego. Ng'ambo ya Busia."

"Sababu ya kifo?"

"Wewe ulikuwapo," Oduor alisema. "Andika ulichokiona."

Yale macho mawili yalimtazama. Halafu kichwa kiliinama, mara moja, taratibu, na akina mama wawili waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walisimama bila kujua, kama watu walioambiwa waende mahali. Mwenyekiti akaandika. Akapiga muhuri, akaupulizia wino, na nondo mmoja mdogo akapeperuka mdomoni mwake na kurudi mahali pake.

Oduor aliipokea barua akaisoma mara mbili. "Ugonjwa wa ghafla."

Aliweza kuirudisha. Alikuwa ameirudisha ile ya kwanza. Lakini ile ilikuwa ya mtu mwingine, na hii ilikuwa ya Nerima, na bila hii Nerima hawezi kupita Busia. Aliikunja akaitia mfukoni.

"Sukari ipo?" Mwenyekiti aliuliza.

Kavugho alimpa sukari. Alikunywa kikombe kizima, akiingiza ukingo kwa uangalifu chini ya mabawa. Jua lilipofika kwenye migomba nondo waliondoka kama walivyokuja, naye akashukuru, akachukua kopo lake, akapanda mteremko. Vumbi la mabawa lilibaki kwenye ukosi wa shati lake jeupe.

Oduor alisafiri kesho yake, amevaa shati la miavuli. Nerima alikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, pamoja na kipande cha treya ya mayai cha kushikilia. Busia, afisa wa mpakani aliisoma barua, akafungua kopo, akatazama, akatazama shati la mzee.

"Ulikuwa ugonjwa gani huo wa ghafla?"

"Ulimkuta njiani, akienda kazini."

"Pole, mzee," afisa alisema, akagonga muhuri.

Ndugu zake Alego walikuwa wamechimba kaburi la kimo cha mtu mzima, kwa sababu pale bomani kaburi la kimo kingine halichimbwi. Waliliteremsha kopo kwa kamba. Mama wadogo wa Nerima walikuja kutoka Samia wakilia tangu njiani, wakauliza alikuwa amevaa nini, na Oduor akawaambia. "Lile la kiraka?" aliuliza mmoja. Lile la kiraka. Basi walicheka kidogo katikati ya kilio, maana wote walikumbuka alivyokuwa akicheza. Usiku ule Oduor alilala kwenye nyumba ambayo bati lake halikuvuja, akasikiliza mvua, na hakuinuka kutega kitu.

Aliporudi Bugolobi ilikuwa siku moja kabla ya uchaguzi. Kulikuwa na wagombea wawili, na kura ilikuwa ya kupanga mstari: kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka, kisha watu wanahesabiwa. Mgombea wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana msafi, asiye na doa, ambaye alikuwa amefika Bugolobi baada ya vita. Aliahidi kuzibua mtaro. Aliahidi pia kwamba ofisi yake haitaandika barua za maziko ya wadudu, kwa kuwa hakuna sheria inayozitambua.

Adyero alikuja kwenye ua jioni ile bila jerikani.

"Umemlaza vizuri?"

"Vizuri."

"Alilia nani?"

"Wote."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alishika tawi la ua, akalikunja, akaliachia.

"Yule mwalimu ni mtu mzuri," alisema. "Mimi sikatai."

"Ni mtu mzuri."

"Lakini wa kwangu bado, Mzee. Wa kwangu bado hajakuja. Akija na vifungo vyake, nani atapiga muhuri?"

Oduor alikuwa amefikiri njia nzima kutoka Busia juu ya kiwanja cha kupigia kura, na mstari ule, na mahali atakapousimamisha mwili wake. Alikuwa ameliona wazi kabisa, pamoja na maneno ambayo angesema.

"Wewe wako amelala," Adyero alisema, bila ubaya.

Kesho yake watu walikusanyika kwenye kiwanja mbele ya maghorofa. Kavugho hakuwa na kura, akakaa pembeni na thermosi. Nyuma ya mwalimu walisimama wapangaji wapya na vijana kadhaa wa karakana. Nyuma ya Mwenyekiti mstari ulianzia kwenye nguzo ya umeme, ukapita maghorofa, ukashuka mpaka karibu na mafunjo. Mama wa mandazi alikuwamo, ingawa wake alikwisha kuzikwa. Dada yake alikuwa bado hajaja kwenye treya. Katekista alikuwamo.

Oduor alifika na fimbo yake, amevaa shati la miavuli. Alisimama kwa muda katikati ya kiwanja, mahali ambapo hapakuwa na mstari. Msimamizi wa uchaguzi alimwambia kwamba mtu wa katikati hahesabiwi. Adyero, kwenye mstari wa Mwenyekiti, alisogea mbele kidogo, bila kugeuka, akaacha nafasi nyuma yake.

Oduor akaingia.

Kutoka pale aliweza kumwona Mwenyekiti mbele, juu ya vichwa vya watu, shati jeupe jingine, na kwenye ukosi vumbi lile lile la kahawia linang'aa juani. Lilikuwa linarudi kila lilipofuliwa, alisema mwanamke aliyemfulia, na mwishowe aliacha kulisugua. Msimamizi alipita akihesabu, akimgusa kila mtu begani. Alipomgusa Oduor, alisema, "Shati zuri, mzee," akaendelea.

Mwenyekiti alishinda. Alishukuru kwa sauti ya chini, na watu wakarudi majumbani kupika.

Jioni Oduor alibadilisha treya, akatandika shuka, akaijaribu taa. Umeme ulikuwapo. Adyero alileta kigoda chake, akakiweka karibu na kreti ili asubuhi akikute pale pale. Oduor alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaangalia mafunjo, akaangalia anga. Kwenye safu ya hali ya hewa aliandika: shwari.